Chai ya Rozari Nzima

Kinyinya, Kigali
9 Februari 2025

Shangazi Pudentienne,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na yule mbuzi wako aliyekuwa anachechemea amepona. Sisi hatujambo. Hirwa bado yuko na gereji yake Gikondo, anarudi jioni na grisi mpaka kwenye viwiko na kuniambia leo kazi ilikuwa kidogo. Mimi ofisini Kimihurura ni yale yale, tunafanya mikutano ya kupanga mikutano. Jirani wa upande wa juu anajenga ghorofa, kwa hiyo vumbi linaingia hadi kwenye sukari.

Nakuandikia kwa sababu simu imetushinda. Juzi nilikuuliza kama umepata dawa za presha, ukanijibu kwamba mvua haijanyesha. Nikaona afadhali karatasi.

Habari ya Baba. Kula anakula, kulala analala, na kila jioni anatembea mpaka kwenye kona na kurudi. Majirani wanamsalimia kwa Kinyarwanda, yeye anawajibu kwa Kiswahili cha Muheza, nao wanazidi kumheshimu. Ila begi lake liko chini ya kitanda na limefungwa zipu. Anatoa shati moja, likifuliwa analirudisha humo humo. Nilipomuuliza kulikoni, alinijibu hivi: "Siku nikipata chai ya kunywa ndani ya nyumba hii, nitafungua begi. Kabla ya hapo mimi ni mgeni wenu."

Si kwamba hapewi chai. Nampa ya maziwa na tangawizi kama wanavyopika hapa, wenyewe wanaiita icyayi. Anaonja, anashukuru, anaweka kikombe chini, kikombe kinapoa.

Sitaki kuzunguka, Shangazi. Unajua kwa nini nilimchukua. Novemba alianguka bafuni, akaita, nawe hukusikia mpaka kulipokucha. Sikulaumu, masikio hayana adabu kwa mtu yeyote. Lakini siwezi kulala nikijua yuko huko na wewe tu. Na begi lile likiendelea kukaa limefungwa, kuna siku nitarudi kutoka kazini nikute ameshapanda basi.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Tangu Mama afariki wewe ndiye uliyekuwa unampikia. Niandikie chai yake unaipikaje, hatua kwa hatua.

Mwanao,
Mukunde


Muheza
3 Machi 2025

Mukunde mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Marahaba. Barua yako imefika imechanwa pembeni, sijui walikuwa wanatafuta nini, maana ndani hamkuwa na kitu. Mbuzi amepona. Dawa nilishapata, na ile siku mvua kweli ilikuwa haijanyesha, kwa hiyo sikukudanganya. Machungwa yameisha, yamebaki yale ya juu kabisa ambayo ni halali ya kunguru. Parokiani tumeletewa padre mpya, anasoma misa kama anayewahi basi.

Hayo mengine uliyoandika nimeyasoma.

Chai nayo ni kitu cha kuandikiana barua? Haya. Chukua birika, weka maji vikombe viwili na maziwa viwili, tangawizi ya kutwanga, na majani. Vyote pamoja. Ikianza kupanda, punguza moto, sali Salamu Maria kumi, epua, chuja. Basi. Mimi jikoni sina saa na sijawahi kuona kazi yake. Iliki usiweke, yeye anasema inanukia harusi.

Umempa chumba kipi? Dirisha linatazama wapi? Yeye huamka na mwanga, ukimlaza upande wa giza atalala mpaka saa nne na kichwa kitamuuma. Na huko kuna baridi. Soksi anavaa?

Msalimie huyo mume wako wa grisi.

Shangazi yako


Kinyinya, Kigali
30 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imetembea wiki tatu, sijui ilipitia wapi. Huku ni salama. Jana ilikuwa umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwezi, mtaa mzima tumetoka kufyeka kando ya barabara. Nilimwambia Baba apumzike, akaja na panga, akafyeka eneo lake na la jirani, halafu akasimama kuwaangalia vijana wakihema. Mkuu wa mtaa alimpongeza. Ndiyo mara ya kwanza nimemwona akicheka tangu aje.

Chumba chake dirisha liko mashariki. Linatazama ghorofa ya jirani, lakini bado ghorofa haijafika juu. Soksi anavaa.

Sasa chai. Nilifuata ulivyoniandikia, neno kwa neno. Siku ya kwanza maziwa yalikatika, yakabaki mabongemabonge na maji ya kijivu. Siku ya pili hayakukatika lakini chai ilikuwa nyepesi, tangawizi inawasha kooni na harufu hakuna. Nilifikiri kosa ni sala zangu, maana siku hizi nasali kwa Kinyarwanda, na Ndakuramutsa Mariya yangu huenda ni ya haraka kuliko Salamu Maria yako. Nikamsimulia Wambui, dada wa Kenya ambaye meza zetu zinatazamana ofisini. Alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akanionyesha kwenye simu yake kurasa za mtandaoni za watu wanaopenda chai. Hazilipiwi, mtu yeyote anafungua.

Ukurasa mmoja ni kikokotoo. Unaandika uko wapi, kinakuambia maji ya hapo yanachemka yakiwa na joto kiasi gani. Sikujua kwamba inategemea mahali. Huko kwenu karibu na bahari yanafika nyuzi mia au pungufu kidogo. Hapa kwenye vilima, yakifika tisini na tano yameshaanza kutokota, na ukiyaongezea moto hayapati joto zaidi, yanaisha tu. Nimeishi hapa miaka tisa nikinywa chai ya maji yasiyoiva. Ukurasa mwingine unapima majani kwa maji. Wa tatu ni saa yenye kengele, ukiweka dakika inalia.

Nimeongeza muda kwa ajili ya hivi vilima. Baba ameonja, amesema inaelekea. Kikombe kilifika nusu. Begi bado.

Shangazi, una uhakika na zile kumi? Na maziwa kwako hayakatiki?

Mukunde


Muheza
2 Mei 2025

Mukunde,

Tumsifu Yesu Kristo. Pasaka tumekula vizuri, nilichinja jogoo mmoja, nikamaliza kumla siku ya nne. Kuku wameongezeka, mayai yananishinda. Nawapa watu wa jumuiya.

Barua yako nilimsomea Jeremiah, yule anayeendesha lori la mzigo mpaka huko Kigali. Ameniambia nikuonye hilo neno kikokotoo usilitaje mbele ya wastaafu wa hapa waliopunjwa mafao nacho, utapigwa. Mimi nilicheka, lakini sielewi kwa nini mtu aulize simu kama maji yamechemka wakati maji yenyewe yapo mbele yake yanapiga kelele. Hata mimi kelele hizo nazisikia.

Maziwa ya hapa hayakatiki. Labda ng'ombe wa huko wanakula nini sijui. Kumi ni kumi.

Kama anaulizia nyumbani niambie. Kama haulizii, basi usiandike chochote, nitaelewa.

Nimepaka chokaa ukuta wa upande wake. Ulikuwa umechafuka.

Shangazi yako


Kinyinya, Kigali
8 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Sote wazima. Hirwa amepata kazi ya magari ya shirika moja, sasa anarudi amechoka kihalali. Mvua zimeisha, vumbi limerudi, ghorofa ya jirani imefika kwenye dirisha la Baba. Anasema sasa anaamshwa na nyundo badala ya jua.

Wambui alinionyesha ukurasa mwingine tena. Kwenye huu unaandika chai yako ina ugonjwa gani, nao unakupa sababu. Nikaandika ukweli: nyepesi, inawasha, haina harufu, na maziwa mara nyingine yanakatika. Jibu lilikuwa fupi. Tangawizi mbichi haipikwi pamoja na maziwa, itayakata. Ichemshwe kwanza na maji peke yake, muda mrefu, ndipo maziwa yaje, na majani mwisho kabisa.

Nilimsomea Baba mezani. Akasema kwa upole, kama anayenikumbusha jina la mtu: "Pude anasali rozari nzima tangawizi ikiwa motoni. Zile kumi ni za majani. Nilikuwa nasikia ukutani kila asubuhi."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miezi yote hii. Akasema, "Hukuniuliza mimi, ulimwuliza yeye."

Rozari nzima, Shangazi, Salamu Maria hamsini na zaidi. Uliniandikia kumi.

Nilikasirika sana. Siku mbili sikutaka hata kuona picha yako iliyoko sebuleni. Mtu aliyenifundisha kusonga ugali, aliyenisuka nywele mpaka nikaolewa, ananiandikia chai ambayo anajua haitatoka. Nilianza barua tatu nikazichana. Hii ni ya nne na imepoa.

Nakuripotia tu matokeo. Rozari yako nimeigeuza dakika, nikaongeza za vilima, nikaweka kengele. Jumamosi iliyopita nilipika. Baba alikunywa kikombe cha kwanza mpaka mwisho. Akanyoosha mkono apewe cha pili. Alipomaliza aliingia chumbani, nikasikia zipu. Mashati sasa yako kabatini, na begi liko juu ya kabati, tupu.

Nilidhani nitafurahi zaidi ya nilivyofurahi.

Sikuulizi kwa nini ulifanya hivyo.

Mukunde


Muheza
17 Agosti 2025

Mukunde mwanangu,

Nimechelewa kukuandikia. Nilikuwa na mafua, kisha yakaisha, kisha nikakosa la kusema.

Jeremiah anakuletea birika. Ni lile la bluu, unalijua. Ukimimina shika mfuniko, utadondoka. Limebonyea upande mmoja kwa sababu yako mwenyewe, uliliangusha ukiwa darasa la tatu. Tangu nimepata akili yangu kaka yangu hajanywa chai iliyotoka kwenye chombo kingine, ila alipokuwa kwenye kambi ya mkonge na hapo kwako. Sasa amefungua begi, basi na birika liwe huko.

Mimi sina kazi nalo. Nachemsha maji ya mtu mmoja kwenye kisufuria, yanatosha. Rozari siku hizi nasalia kitandani, maana jikoni nikimaliza sala hakuna wa kumwita.

Hukuniuliza kwa nini. Umefanya vizuri.

Muweke mbali na baridi.

Shangazi yako


Kinyinya, Kigali
14 Septemba 2025

Shangazi,

Shikamoo. Birika limefika. Jeremiah aliliacha gerejini, Hirwa akalileta kwenye mfuko wa saruji, halikupata hata mkwaruzo. Barua yako ilikuwa ndani.

Nililiweka mezani kabla Baba hajatoka matembezini. Alipoingia aliliona, akaketi, akaligeuza mpaka akafika pale lilipobonyea. Akauliza, "Sasa yeye anapikia nini?" Nikamwambia umeandika kisufuria. Akanyoosha mkono apewe barua. Ni barua yangu, lakini nilimpa. Aliisoma, akairudia, akaikunja akaiweka mfukoni mwa shati. Mpaka leo hajanirudishia.

Asubuhi nilikuta begi limeshuka kutoka juu ya kabati.

Nilibishana naye wiki nzima. Nilimweleza habari ya bafuni, habari ya masikio yako, habari ya daktari ambaye hapa ni mwendo wa dakika chache. Alinisikiliza kama anavyosikiliza redio, kwa heshima. Nikamwambia lakini chai si umeipata? Akasema: "Chai yako ni nzuri, mwanangu. Hiyo ni chai. Mimi naenda kwa dada yangu." Nikalia mbele yake, kitu ambacho sijafanya tangu msiba wa Mama. Alinipa leso yake. Ilikuwa imepigwa pasi tayari kwa safari.

Hirwa ndiye aliyetuokoa, maana mimi nilikuwa nimefika mahali pa kuficha pasipoti ya mtu mzima. Alisema kama tatizo ni kwamba Shangazi hasikii, basi Shangazi aone. Ametengeneza kitu gerejini. Kutakuwa na swichi bafuni, chini kabisa, mtu aliyeanguka anaifikia, na nyingine kitandani kwa Baba. Ukibonyeza, taa inawaka chumbani kwako, juu ya uso wako. Ni taa ya breki ya Toyota. Ina betri yake, umeme ukikatika inawaka vile vile.

Hirwa atamsindikiza, na hataondoka hapo mpaka aone inafanya kazi. Masharti yangu ni kwamba mtaijaribu kila Jumapili baada ya misa, na kwamba hutalala umegeukia ukutani. Birika anarudi nalo. Nimelifunga kwenye mashati yake.

Nimekasirika bado, kidogo. Lakini si kwako.

Mukunde


Muheza
19 Oktoba 2025

Mukunde mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Wamefika wote wawili, na birika. Hirwa nilimlisha siku tano, amerudi huko amenenepa, usije ukasema shangazi yako ana mkono wa birika. Mayai yote amekula yeye. Ni mkwe mzuri, samahani kwa ile habari ya grisi.

Taa ameifunga. Nyekundu, kubwa, iko juu ya kitanda changu pale ulipokuwa msalaba, na msalaba nimeuhamishia mlangoni. Jumuiya nzima imekuja kuiona. Jeremiah anasema ndani ya lori lake hana yenye nguvu namna hiyo.

Asubuhi ya kwanza baada ya Hirwa kuondoka, ikawaka. Niliruka hata kanga sikufunga vizuri, nikafika kwake roho iko mkononi. Nikamkuta ameketi kitandani, ana soksi, ananitazama. Alikuwa anataka chai. Nilimtukana kwa sauti mpaka mimi mwenyewe nikaisikia. Tangu hapo kila siku anaibonyeza saa kumi na mbili na nusu. Nimeshazoea. Nalala chali.

Kuna neno lako la Februari ambalo sikulijibu. Ile ya Novemba nilikuwa nimelalia sikio langu zima. Lile jingine lilikuwa limeshakufa na sikumwambia mtu, hata yeye. Hakuna usiku ambao sijalifikiria hilo. Sasa nimekujibu.

Na ile chai. Hukutaka kuniuliza, lakini nakuambia. Nilijua ikitoka vizuri hatarudi. Ndiyo sababu, hakuna nyingine.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Siku ile ya kwanza niliingia jikoni, nikaosha birika, nikatwanga tangawizi, nikasali rozari nzima bila kuruka hata tendo moja. Maziwa, majani, kumi za mwisho, nikachuja. Nikampelekea nikakaa mbele yake nione. Akaonja. Akashukuru. Akaweka kikombe chini.

Nikamuuliza kuna nini. Akasema nzuri, nzuri tu. Nikamwambia kaka, mimi nakufahamu. Akatazama dirishani, akasema, "Ya Mukunde ilikuwa imeiva zaidi."

Kikombe kikapoa, mwanangu, mbele ya macho yangu, na birika ni lile lile. Kesho yake hivyo hivyo. Leo ni wiki ya tatu.

Kwa hiyo niandikie. Simu yenye hicho kikokotoo sina, andika kwa karatasi na herufi kubwa, nitapata wa kunisomea macho yakigoma. Tangawizi motoni kwa muda gani, majani kiasi gani, hizo dakika za vilima nazo niziweke au nizitoe. Andika kila kitu, tangu unapowasha moto. Na usinifiche hata hatua moja.

Shangazi yako